Ziwa Elton: chumvi yake imetoka wapi, na je, uingie?

*«Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili, nasoma Volgograd, Urusi. Mwishoni mwa Agosti wenzangu wanataka twende Ziwa Elton. Nimeambiwa ni kipande cha bahari kilichosahaulika bahari ilipojirudi. Kwenye ramani ni duara kubwa la buluu, lakini kwenye picha watu wanatembea katikati na maji hayawafiki hata kwenye vifundo. Tena ni ya waridi kama Natron, na sisi tumekua tukiambiwa maji ya Natron yanababua ngozi. Mjomba wangu ana mashamba ya chumvi Lindi. Nilipomwonyesha picha aliniuliza: kama chumvi yenyewe imelala chini bure, mbona hawaizoi? Sikuwa na jibu. La mwisho, mama anaumwa magoti, na watu hapa wanalisifia sana tope la huko. Nimchotee kwenye chupa nikirudi likizo? Au tuachane na Elton twende Ziwa Baskunchak?»*

Marahaba, mwanangu. Mjomba wako ameuliza swali zuri kuliko yote, na ukilijibu lake, mengi ya yaliyobaki yanajijibu. Ila kwanza tuiondoe hiyo bahari.

Si kwamba waliokwambia wamezua. Nchi yote ile, kuanzia Volgograd hadi ng'ambo ya mpaka wa Kazakhstan, ni uwanda wa chini wa Kaspi. Kuelekea mwisho wa enzi ya barafu, Bahari ya Kaspi ilifurika hadi kufika kama mita 50 juu ya usawa wa bahari kuu. Leo imeshuka hadi mita 29 hivi chini ya usawa huo. Uso wa Elton uko mita 15 hadi 18 chini ya usawa wa bahari, kwa hiyo mahali lilipo ziwa palizama kweli, na nyika unayoiona pembeni, tambarare kama sinia, ni matope ya bahari hiyo yaliyokauka. Udongo ni wa bahari, basi. Chumvi siyo. Maji ya Kaspi ni chukuchuku tu, gramu 12 au 13 za chumvi kwa lita, karibu theluthi ya ukali wa Bahari ya Hindi, yenye gramu 35. Tena mafuriko yale yalifunika nchi nzima. Kama chumvi ingekuwa ya kwake, kila kibonde cha nyika ile kingekuwa na Elton yake.

Chumvi ya Elton inatoka chini. Miaka kama milioni 275 iliyopita, kabla dinosaria hawajatokea duniani, eneo hilo lilikuwa ghuba ya bahari iliyobanwa kwenye jua kali. Ilikauka, ikajazwa, ikakauka tena, mara nyingi mno, hadi ikaacha tabaka la chumvi lenye unene wa kilomita kadhaa. Kisha mito na bahari za baadaye zikamwaga juu yake mchanga, udongo wa mfinyanzi na chokaa, tabaka juu ya tabaka.

Hapo ndipo chumvi ilipoanza vituko vyake. Mita moja ya ujazo ya chumvi ya mawe ina uzito wa tani 2.2 hivi. Mashapo yaliyogandamizwa juu yake hufika tani 2.4 na kuzidi. Chumvi ni nyepesi kuliko mzigo iliobebeshwa, na ikikandamizwa kwa muda mrefu haivunjiki kama jiwe, bali hujongea polepole. Chukua donge la unga wa maandazi ulifinye kwa kiganja, utaona unavyotafuta njia kati ya vidole. Chini ya uwanda wa Kaspi chumvi imepanda hivyo hivyo, ikasimama kama minara na makuba, na makuba hayo yanazidi elfu moja. Ukifika Elton, tazama upande wa mashariki utaona kilima kiitwacho Ulagan. Warusi wanauita mlima. Una urefu wa mita 68 hivi, mtu wa Lushoto asingeupa hata jina, lakini kiini chake ni kuba la chumvi lililoinua ardhi kutoka chini. Na pale chumvi ilipohama kwenda kujaza makuba, ardhi ya juu ilikosa mhimili ikadidimia. Elton limekaa kwenye mdidimio wa namna hiyo.

Maji ya chini ya ardhi hugusa kuba, huyeyusha chumvi, kisha hutokeza kama chemchemi na vijito. Vijito vinavyoingia ziwani vinahesabiwa saba, na vinavyotajwa sana ni Khara, Bolshaya Samoroda, Lantsug, Chernavka na Solyanka. Hakuna hata kimoja ambacho ungependa kunywa. Vya upole vina gramu chache za chumvi kwa lita; Chernavka na Solyanka ndivyo vikali, hukaribia ukali wa maji ya bahari. Hebu piga hesabu ndogo: kijito chenye gramu 20 kwa lita kikiingiza ziwani lori moja la maji la lita 10,000, maji yakipaa, kilo 200 za chumvi zinabaki. Ziwa halina mlango wa kutokea, na biashara hiyo imeendelea kwa maelfu ya miaka. Ukitaka mfano wa nyumbani, acha pwani ya Lindi kwanza, tazama Uvinza kule Kigoma, mamia ya kilomita kutoka bahari yoyote. Watu wamechemsha chumvi pale tangu zamani sana kutoka kwenye chemchemi za maji ya chumvi yanayopanda kutoka kwenye miamba.

Sasa ramani na picha. Zote mbili zinasema kweli, kila moja kwa msimu wake. Kwa mwaka mzima mvua na theluji huleta maji ya milimita 300 au pungufu, huku jua na upepo wa huko vikiweza kupaisha zaidi ya milimita 1,000. Theluji ikiyeyuka kati ya Machi na Aprili, ziwa hujaa, na sehemu zenye kina hufikia kama mita 1.5. Kufikia Agosti yamebaki maji ya sentimita 5 hadi 7 yaliyotandazwa juu ya kilomita za mraba zipatazo 152. Maji ya Agosti, yote kwa jumla, ukiyamimina Ziwa Viktoria, uso wake ungepanda kwa 0.11 hadi 0.15 ya milimita. Halafu ukipima kwa eneo, wataalamu hulitaja Elton kuwa ziwa kubwa kuliko yote ya chumvi ya aina yake Ulaya. Unaona jinsi ukubwa wa ramani unavyoweza kudanganya.

Wembamba huo wa maji una matokeo ambayo wageni hawayatarajii. Upepo ukivuma upande mmoja kwa saa kadhaa, huyasukuma maji hadi ufuo wa pili, na ufuo uliouacha asubuhi ukiwa na maji unaukuta jioni ni uwanja wa chumvi mtupu. Ziwa halijakauka. Limesogezwa. Kwa hiyo mkiweka alama ya njia kwa kuangalia ukingo wa maji, mnajidanganya. Tumieni vitu visivyohama, kama minara ya simu, nguzo na kilima cha Ulagan.

Turudi kwa mjomba. Yeye anajua jambo ambalo vitabu vingi hulieleza vibaya: maji ya bahari hayana chumvi moja, yana chumvi nyingi, na kila moja huganda kwa zamu yake. Akifungia maji kwenye bwawa la kwanza, chokaa huanguka mapema. Maji yakiwa yamekolea mara nne hivi, jasi inaganda. Yakikolea mara 10 hadi 11, ndipo chumvi ya chakula inaanza kuota. Akishavuna, yanabaki maji mazito, yanateleza kama mafuta na ni machungu mdomoni. Hayo huyamwaga, kwa sababu akiyaachia yakauke pamoja na chumvi yake, mzigo wote utakuwa mchungu na wenye unyevu, na mnunuzi ataukataa. Uchungu huo ni magnesiamu.

Elton ni shamba la chumvi ambalo hakuna aliyewahi kuyamwaga maji machungu. Kila kiangazi chumvi ya kawaida inaganda na kutulia chini, magnesiamu inabaki majini. Mwaka unaofuata vinakuja vijito vipya, mambo yanarudiwa, na magnesiamu inazidi kurundikana. Isitoshe, tabaka la kale kule chini lina chumvi za magnesiamu za kwake, na mkoa wa Volgograd unajulikana kwa moja wapo, bishofiti, ambayo ni kloridi ya magnesiamu iliyoganda. Ndiyo maana maji ya Elton, ambayo Warusi wanayaita rapa, yana gramu 200 kwa lita majira ya kuchipua na yanaweza kukaribia 500 mwisho wa kiangazi. Chumvi ya chakula peke yake haifiki huko: lita moja ya maji yaliyoshiba chumvi hiyo haibebi zaidi ya gramu 320 hivi. Kilichobeba ziada ni magnesiamu.

Na kuichimba, walichimba. Mwaka 1747 serikali ya Urusi ilianza kuvuna chumvi ya Elton kwa mpango, na kwa zaidi ya karne moja ziwa hilo lililisha sehemu kubwa ya nchi. Wasafirishaji wa Kiukraina, chumaki, waliipakia kwenye mikokoteni ya ng'ombe wakaivusha nyika hadi ukingo wa Volga, upande wa Saratov na Kamyshin. Makazi yao mojawapo, Pokrovskaya, yaliyoanzishwa mwaka huohuo wa 1747, ndiyo mji wa leo wa Engels, na nembo yake hadi sasa ni fahali aliyebeba bakuli la chumvi mgongoni. Uchimbaji ulikoma mwaka 1882. Mwaka huo reli ilifika Baskunchak, kama kilomita 100 kusini, ambako chumvi ni safi zaidi kwa sababu ziwa lile limekalia kilele cha mlima wa chumvi wenye kloridi ya sodiamu karibu tupu. Chumvi chungu inayosafiri kwa ng'ombe haikuweza kushindana na chumvi safi inayosafiri kwa treni. Mwambie mjomba hivyo hivyo. Ataelewa kabla hujamaliza sentensi.

Nisiache kukuonyesha magnesiamu kwa karibu. Nyumbani, wakati wa masika, chumvi ya mawe isiyosafishwa vizuri hutoa jasho kwenye kopo hadi inashikana. Kinachovuta unyevu ule hewani ni mabaki ya magnesiamu. Elton utaliona jambo hilo kwenye nguo zako. Chovya pindo la suruali, lianike juani: litakakamaa na kung'aa chembe nyeupe. Liache nje usiku, asubuhi utalikuta limelowa tena bila mvua. Nguo iliyoingia rapa haikauki mpaka ifuliwe kwa maji matamu, na viatu vya ngozi usivipeleke kabisa.

Kuhusu Natron, hofu yako ni ya haki ila umeipeleka siko. Natron na Magadi ni maziwa ya magadi. Miamba ya volkeno inayoyazunguka, pamoja na Ol Doinyo Lengai, huyapa maji sodiamu na kaboneti nyingi, huku kalsiamu na magnesiamu zikiwa haba. Kaboneti ikikosa mwenza wa kuganda naye inabaki majini na kuyafanya yawe kama sabuni kali. pH ya Natron, yaani kipimo cha uasidi au umagadi wa maji, hupita 10, na kinachobabua ngozi ni hicho. Elton kuna kalsiamu na magnesiamu tele. Kaboneti kidogo inayoingia hunaswa mapema ikaanguka kama chokaa, na kinachobaki ni kloridi. Rapa ya Elton inauma kwa chumvi. Haichomi kama magadi. Hilo ni jambo la kukutuliza nusu tu, kama nitakavyoeleza.

Rangi ndiyo inayofanana, na hata hapo si kwa ukoo mmoja. Waridi la Elton hutokana zaidi na kijimea cha seli moja, Dunaliella salina, ambacho kikibanwa na chumvi na jua hujijazia beta-karotini, rangi ileile ya karoti, kama mwavuli. Wamo pia vijidudu vingine vyekundu vinavyopenda chumvi kali. Wafugaji wa Kikalmyki na Kimongoli waliona dhahabu jua linapozama juu ya maji hayo, wakaliita Altan Nuur, ziwa la dhahabu, na jina Elton limetoka hapo. Rangi huja na kupotea. Mvua ikinyesha juzi, au upepo ukilikoroga tope, mtakuta kijivu, na hapatakuwa na wa kumlaumu.

Kitu kimoja kinachounganisha maziwa hayo na ya kwetu ni ndege. Kwenye midomo ya vijito, pale chumvi inapopungua, viluwiluwi vya vimbu wasiouma hujaa kwenye matope, na ndege wadogo wa ufuoni hushuka kwa makundi kula wanapohama. Mmoja ni Calidris minuta, ndege wa gramu 20 na kitu, anayezaa kwenye tundra ya kaskazini na ambaye wenzake wa aina hiyo hukaa Magadi na Nakuru wakati kwao kuna baridi. Agosti ni wakati wao wa kurudi kusini. Ukiwaona, simama mbali. Wanajaza mafuta ya safari.

Sasa, uingie? Ingia, kwa masharti. Kuogelea usahau, kwa sentimita 7 utakaa, hutaogelea. Kaeni dakika 10 hadi 15, si zaidi, tena asubuhi kabla ya saa nne au jioni baada ya saa kumi na moja. Mchana wa Agosti joto hupita nyuzi 35 kirahisi, chumvi nyeupe inakurudishia jua usoni kutoka chini, na kivuli hakuna kwa kilomita nyingi. Ngozi nyeusi nayo huungua hapo, msidanganyane.

Miguuni vaa viatu vya mpira vya zamani au kandambili zenye mikanda ya kufunga nyuma. Kandambili za kawaida zitabaki topeni hatua ya tatu. Pekupeku ni kosa ninaloliogopa kuliko yote, kwa kuwa fuwele za chumvi zina ncha kama vioo, zitakukata nyayo, na rapa itaingia kwenye kidonda kilomita moja kutoka ufuoni. Usinyoe popote siku mbili kabla ya safari. Usipeleke mkono usoni. Jicho likiingiwa, lioshe kwa maji matamu yanayotiririka, dakika 15 bila kukatisha, na kama baada ya hapo bado linauma au unaona ukungu, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Rapa ikimezwa huharisha, ni jamaa wa chumvi ya haluli, na ukimeza nyingi ni sumu kwa moyo. Hiyo si dawa ya tumbo, hata kama mtu atakuapia.

Kila mtu abebe lita 3 au 4 za kunywa na nyingine 5 za kujisuuza. Hizo tano ndizo watu huziacha nyumbani, kisha wanapanda gari wamevaa ganda la chumvi linalowawasha hadi Volgograd. Dumu la maji liachwe kivulini chini ya gari, vinginevyo utajisuuza kwa maji ya moto.

Tahadharini na pale vijito vinapoingia ziwani. Katikati ya ziwa mara nyingi kuna sakafu ya chumvi inayobeba mtu. Kwenye midomo ya vijito chumvi inayeyushwa, ganda linakuwa jembamba, na chini yake kuna tope jeusi la kuzama hadi magotini au zaidi. Rangi ya ganda itakwambia: jeupe kavu linalolia chini ya kiatu ni salama, la kijivu, lenye unyevu na lisilotoa sauti, rudi ulikotoka. Ukizama, usivute mguu kwa nguvu ukiwa wima. Kaa chini au lala chali ili uzito usambae, kisha uchomoe mguu mmoja mmoja polepole. Gari liishie kwenye njia ngumu. Udongo wa chumvi wa ufuoni unaonekana mkavu juu, lakini sentimita chache chini ni utelezi, na ikinyesha mvua hata trekta linasita.

Tope la mama. Weusi wake unatokana na salfaidi ya chuma, na harufu ya yai viza ni gesi ya haidrojeni salfaidi. Vyote hutengenezwa na bakteria wanaoishi bila hewa chini ya rapa. Chota kidogo, likoroge, liache kwenye sahani: baada ya saa chache ukingo unaanza kugeuka kijivu kwa kuwa hewa imelifikia. Chupa ya plastiki iliyokaa miezi, ikafunguliwa forodhani na tena nyumbani, itamfikishia mama tope lingine kabisa, pengine na vijidudu ambavyo hukukusudia. Kuna jambo kubwa zaidi. Matibabu ya tope katika sanatoria, nyumba ya tiba na mapumziko iliyopo kijijini Elton, ambayo historia yake inaanza mwaka 1910, si kujipaka tu. Tope hupashwa joto hadi nyuzi 38 au 40 na zaidi kidogo, huwekwa kwa dakika zinazohesabiwa, na daktari hupima moyo na presha kabla. Kwa magoti yaliyochakaa linaweza kupunguza maumivu kwa wiki kadhaa, kwa baadhi ya watu miezi. Gegedu lililokwisha halirudishi.

Kwa hiyo usimchotee. Mpeleke hospitali ajue kwanza magoti yanaumwa nini, maana goti lililochakaa, jongo na maambukizi ya kiungo vina matibabu tofauti, na goti lililovimba, la moto, lenye homa ni la kukimbizwa siku hiyo. Mengi yanayosaidia hayahitaji Urusi: mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, kupunguza uzito kama umezidi, dawa za maumivu alizoandikiwa na daktari. Na wewe na wenzako, kama kuna mwenye mimba, ugonjwa wa moyo, presha isiyotulia, saratani, kifua kikuu au homa, tope la moto si lake. Mwenye kisukari aliyepungukiwa hisia miguuni asiingie hata ziwani, kwa sababu atajikata asijue.

Elton au Baskunchak? Kama mnatafuta picha nyeupe, sakafu ngumu ya kutembea, mgodi unaofanya kazi na reli ya chumvi, Baskunchak inawafaa zaidi, na kando yake kuna mlima wa Bogdo Kubwa, wenye mita 150 hivi, unaoonekana kutoka mbali sana kwenye nyika ile bapa. Barabara pia ni nyepesi, kupitia Akhtubinsk. Elton ni pakimya, pana vijito, ndege, tope na jioni ambayo Baskunchak haina. Tangu 2001 ni hifadhi ya mazingira ya mkoa, na mwaka 2019 UNESCO iliingiza eneo hilo kwenye orodha ya hifadhi hai za dunia, kwa hiyo kuna njia zilizowekwa, na walinzi wanaojua siku gani ganda linabeba. Mimi ningekushauri Elton, ila si Agosti kama mna hiari. Mwisho wa Aprili, tulipu za porini zikiwa zimechanua na ziwa lina maji, ni ziwa jingine kabisa. Agosti mtapata waridi, chumvi na joto.

Mkiamua kwenda, kuna stesheni ya treni Elton kwenye njia ya Saratov hadi Astrakhan, na kwa gari kutoka Volgograd msihesabu zile kilomita 180 za mstari ulionyooka kwenye ramani, kwa sababu barabara ya lami inazunguka sana. Mafuta jazeni Pallasovka. Na kabla hata ya kukata tiketi, ingia ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako ukiwa na pasipoti, uwaulize kama kwa tarehe zenu mnahitaji kibali cha eneo la mpaka. Kazakhstan iko karibu sana na ziwa lile, na kibali cha namna hiyo hakitolewi kwa siku moja.